Karani na Mswala wa Bibi Nasra

Ghorofa la Mzee Elisante, pale Lushoto mjini, halikuwa na siri. Ukikaanga kitunguu chini, wa juu wanajua. Ukipiga chafya juu, wa chini wanakuombea afya. Kwa hiyo kila alfajiri, Evodia alipokuwa akishuka ngazi huku amembeba mtoto wa mbwa kifuani, alijua kwamba nyuma ya kila mlango kuna sikio limesimama.

Ngazi zilikuwa ishirini na mbili. Alizihesabu moja moja, roho juu.

"Haraka, Karani," alinong'ona walipofika nyuma ya banda la kuni. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Magamba mpaka ukameza paa la banda. "Kojoa basi. Wenzio tunakwenda shule."

Karani alinusa kuni. Akanusa jani. Akanusa kiatu cha Evodia. Kisha akakaa chini, akamtazama msichana kama mtu aliyeitwa kwenye mkutano bila kujua ajenda. Evodia akahesabu mpaka hamsini. Meno yakaanza kugongana. Akambeba, akarudi naye juu mbio, na walipofika tu mlangoni, Karani akachuchumaa kizingitini akamaliza haja yake yote, taratibu, bila wasiwasi.

Huyo ndiye Karani. Alikuwa mweusi tii, ila shingoni alikuwa na duara jeupe kama kola ya shati, na ndiyo maana akapewa jina hilo. Alikuja wiki tatu zilizopita kutoka Malindi, kijiji cha huko huko milimani Lushoto, kwa babu yake Evodia, ambako mbwa wa nyumbani alikuwa amezaa watoto wanne. Wawili walikuwa wamekwisha kugongwa na malori ya kabichi. Evodia, mtoto wa darasa la sita, alilia njia nzima mpaka mama yake, Selina, fundi cherehani wa sokoni, akakubali.

"Lakini sikia," mama alimwambia siku ile. "Nyumba ni ya kupanga, na tunakaa juu. Mbwa huyu akichafua, aibu ni yangu, kazi ni yako. Akiamka, mshushe. Akila, mshushe. Usingoje akuombe ruhusa."

"Ndiyo, mama."

Siku tatu za kwanza Evodia alifanya hivyo. Siku ya nne ngazi zikaanza kuwa nyingi. Siku ya tano kulikuwa na mchezo wa rede uwanjani. Siku ya sita Mzee Elisante, mwenye nyumba, alipanda juu kwa soksi kuangalia bomba linalovuja, akakanyaga kitu cha uvuguvugu kwenye ngazi ya tisa.

Huyo alisamehe. Wiki iliyofuata Karani akatembelea kizingiti cha Mama Brian, mpangaji wa chini ambaye sauti yake ilitosha kuita mtu kutoka stendi.

"Jamani, njooni mwone!" Mama Brian alipiga kelele. "Karani gani huyu? Ofisi kaifungua ngazini, na barua zote anaandika kwa mkojo!"

Ghorofa zima lilicheka. Mzee Elisante hakucheka. Alisimama uani, mikono mgongoni, akasema mbele ya watu wote: "Mara ya kwanza nilisamehe. Ya pili naonya. Ya tatu, mbwa huyu atapanda lori la kabichi linaporudi tupu Malindi. Sitaki kusikia kilio cha mtu."

Evodia akambana Karani kifuani. Malindi maana yake barabara ile ile, malori yale yale.

Mama Brian alimwonea huruma, akamvuta pembeni na kumpa dawa. "Mwanangu, mbwa hafundishwi kwa maneno. Akikojoa ndani, mshike shingo, msugue pua kwenye mkojo wake. Mara mbili tatu atakoma."

Evodia akafuata. Alimsugua Karani pua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Karani hakujifunza kukojoa nje. Alijifunza jambo moja tu: kukojoa pale ambapo Evodia haoni.

*

Jumamosi jua lilitoka, baada ya siku nne za ukungu mtupu. Basi kila mpangaji akatoa alichonacho: magodoro, mablanketi, sweta za shule. Vyuma vya korido ya juu vikajaa nguo kama duka la mitumba.

Jirani wa mlango wa pili, Bibi Nasra, naye alitoa mswala wake. Bibi huyu alikuwa mtu wa Tanga aliyepandishwa milimani na biashara ya marehemu mumewe, na sasa aliishi na mjukuu wake, Faudhia, rafiki mkubwa wa Evodia. Mlango wake haukufungwa mchana kutwa. Ukipita, unaitwa; ukiitwa, unakula. Mswala wenyewe ulikuwa wa kijani, wenye matamvua ya dhahabu pembeni. Mumewe aliutoa Maka mwaka mmoja kabla ya kufariki. Kila mtu ghorofani alijua hivyo, maana Bibi Nasra alikuwa amemsimulia kila mtu.

Mama alikuwa sokoni. Evodia alimpa Karani ugali na maziwa, akangoja alambe bakuli, akamwinua ili amshushe. Hapo hapo sauti ikapanda kutoka uani.

"Evo! Umesikia ya harusi ya Magamba?"

Alikuwa Mama Brian, mwiko mkononi.

"Sijasikia! Kuna nini?"

"Hee! Basi huna habari! Gari la bi harusi limekwama kwenye tope. Bi harusi kavua viatu, kafunga shela kiunoni, kasukuma gari na wasimamizi wake. Bwana harusi je? Kashika mwavuli!"

Evodia akamweka Karani chini. Dakika moja tu, alijiambia. Akaegemea vyuma, akacheka mpaka machozi. Mama Brian akaendelea: bwana harusi alisema nini, shangazi wa bi harusi alijibu nini, na mpiga picha aliteleza wapi. Dakika moja ikawa kumi. Kisha ugali wa Mama Brian ukaanza kuungua, akakimbia ndani.

Evodia aligeuka, bado anatabasamu.

Upepo ulikuwa umeuangusha mswala wa Bibi Nasra. Ulikuwa umetandazika sakafuni mwa korido, na kwenye pembe moja, juu ya matamvua ya dhahabu, Karani alikuwa amechuchumaa. Alipomwona Evodia anamtazama, akainamisha masikio, akakimbilia ndani kwao, uvunguni mwa kitanda.

Evodia aliganda. Alitazama kushoto: hakuna mtu. Alitazama kulia: mlango wa Bibi Nasra ulikuwa wazi, lakini sauti yake ilisikika ndani, akizungumza kwa simu. Chini, kimya.

Mara ya tatu.

Hakufikiri zaidi. Aliunyakua mswala, akaingia nao bafuni, akaichovya pembe ile kwenye beseni la sabuni ya unga. Akasugua kwa brashi mpaka vidole vikauma. Akasuuza, akakamua, akaibana kwa taulo kavu, akanusa. Ilinuka sabuni tu. Akatoka kwa kunyata, akauanika palepale ulipokuwa.

"Nguo ikifuliwa, imefuliwa," alijiambia.

Kama nusu saa baadaye Bibi Nasra alitoka, akaushika mswala.

"Mbona upande huu una unyevunyevu? Ukungu wa mji huu, hata jua likitoka unajificha ndani ya nguo!" Akacheka mwenyewe, akauweka begani. "Evodia, mjukuu wangu, umekula?"

"Nimekula, Bibi."

"Uongo huo. Ngoja Faudhia akuletee vitumbua."

Neno *uongo* lilimchoma Evodia kama mwiba, ingawa Bibi alikuwa anatania.

*

Faudhia alikuja na sahani, lakini uso wake haukuwa wa vitumbua. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akavuta pumzi.

"Leo Bibi hajaweka kitu mdomoni tangu asubuhi," alisema. "Baba anafanyiwa upasuaji huko Moshi. Wamepiga simu sasa hivi, anaingizwa chumbani saa saba."

"Pole, Faudhia. Sikujua."

"Bibi hataki yasemwe. Amesema leo anaswali adhuhuri, kisha hanyanyuki pale mpaka simu nyingine ipigwe. Ndiyo maana kauanika mswala wa babu. Anasema juu ya mswala ule hajawahi kuomba akanyimwa."

Evodia akakirudisha kitumbua sahanini.

Karani alitoa pua uvunguni. Faudhia akainua miguu haraka, akaiweka kitandani. "Usikasirike. Si kwamba simpendi. Jana alilamba upindo wa kanga ya Bibi. Unajua aliifua mara ngapi? Mara saba! Na mojawapo kwa maji ya udongo. Kwetu sisi, mate au mkojo wa mbwa ni najisi nzito. Sabuni haitoshi. Ukiswali na najisi, swala haikubaliki."

"Mara saba?" Evodia aliuliza. Sauti yake mwenyewe ilimjia kama inatoka mbali.

"Mara saba. Ndivyo tulivyofundishwa madrasa. Sasa ngoja nikamtilie Bibi maji, anataka kutawadha."

Faudhia akatoka. Evodia akabaki na sahani mkononi.

Alikuwa amefua mara moja tu. Moja! Na hakujua. Kanisani kwao mtu huvua kofia, akapiga magoti, yakaisha. Angejuaje habari ya saba na udongo? Si kosa langu, alijiambia. Bibi naye hajui. Asiyejua hana kosa. Nikinyamaza, hakuna anayeumia.

Karani akaja, akalaza kidevu juu ya mguu wake. Kola yake ilikuwa nyeupe kabisa, kama mtu anayejiandaa kwenda kazini. Evodia akaona lori, akaona barabara ya Malindi, akaona tairi.

Ukutani, upande wa pili, maji yalisikika yakimiminwa kutoka kwenye kopo. Bibi Nasra anaosha mikono. Anasukutua. Anaosha miguu, maana sasa kandambili zake zilisikika zikilia chwa, chwa, kuelekea chumbani.

Adhana ikaanza kutoka msikitini.

Evodia alisimama. Akakaa. Akasimama tena. Kama nikisema, Karani anakwenda. Nisiposema, Bibi ataomba uhai wa mwanawe juu ya mkojo niliouficha mimi. Mimi, ambaye kila siku ananiita mjukuu.

Adhana ikaisha.

Sahani ikaanguka. Evodia alikuwa amekwisha kuvuka korido. Mlango ulikuwa wazi kama kawaida. Bibi Nasra alikuwa amesimama katikati ya chumba, amejitanda shuka jeupe, nyayo zake juu ya mswala wa kijani, mikono inaanza kupanda kuelekea masikioni.

"Bibi, usiswali!"

Mikono ikasimama hewani. Faudhia, aliyekuwa nyuma, akashika mdomo.

"Una nini, mtoto?" Bibi aliuliza polepole.

"Mswala si safi, Bibi. Ulianguka, Karani akaukojolea. Mimi nimeufua, lakini mara moja tu, kwa sabuni. Sikukwambia." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini maneno hayakusimama. "Niliogopa Mzee Elisante atamfukuza. Ule unyevu haukuwa ukungu, Bibi. Ni mimi."

Bibi Nasra alitazama pembe ya mswala. Alitazama nyayo zake. Uso wake ulibadilika, na Evodia, ambaye hakuwahi kuuona uso ule bila kicheko, akarudi nyuma hatua moja.

"Faudhia," Bibi alisema hatimaye, "niletee maji mengine. Na kile kitenge kipya cha kabatini." Akamgeukia Evodia. Sauti yake haikupanda. "Wewe nenda kasimame koridoni. Nikimaliza na Mola wangu, nitakuja kumalizana na wewe."

*

Ghorofa lisilo na siri likafanya kazi yake. Mama Brian alikuwa amekwisha kupanda ngazi kabla Evodia hajafuta kamasi, na Mzee Elisante alikuwa nyuma yake. Muda si muda mama yake Evodia naye akatokea, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Mtu alikuwa amempigia simu.

"Mswala wa Maka?" Mama Brian alinong'ona, kwa sauti iliyofika stendi. "Mungu wangu!"

"Nani ataniambia ukweli hapa?" Mzee Elisante aliuliza.

"Mimi, Mzee. Shikamoo." Evodia alisimama wima. "Ni mara ya tatu. Nilimlisha, sikumshusha. Nilikuwa nasikiliza habari za harusi."

Mama Brian akaanza ghafla kukagua kucha zake.

"Marahaba. Basi unajua tulivyokubaliana," alisema Mzee Elisante. "Jumatatu lori linarudi Malindi."

"Ndiyo, Mzee."

Mama yake hakumtetea. Alimshika bega tu, na mkono ule ulikuwa mzito.

Hapo mlango ukasogezwa. Bibi Nasra alitoka, swala amemaliza lakini dua bado, amejitanda shuka jeupe. Alisimama mbele ya Evodia.

"Mzee Elisante," alisema, "nyumba ni yako, lakini mswala ni wangu. Niachie mimi kesi hii kwanza."

"Iko mikononi mwako, Bi Nasra."

"Evodia. Umenikosea mara mbili. Mkojo ni wa mbwa, sikuhesabii huo. La kwanza, uliacha kazi yako ukaenda kupiga soga. La pili, ulinitazama usoni ukaacha nidhani ni ukungu. Hilo la pili limeniuma."

"Nisamehe, Bibi."

"Nitasamehe ukifua. Mara saba, kwa mikono yako. Udongo utauchota mwenyewe, mahali pasafi." Akakaza shuka lake. "Haya, niambie. Huyo Karani unamfundishaje?"

Evodia akaeleza: kushuka alfajiri, kuhesabu mpaka hamsini, kusugua pua.

"Pua?" Bibi Nasra aliinua nyusi. "Nani kakufundisha pua?"

Mama Brian alikohoa. "Sisi kwetu..."

"Mama Brian, mimi nimelea watoto saba, na sikumsugua hata mmoja pua!" Kwa mara ya kwanza mdomo wa Bibi ulicheza. "Mtoto mchanga hajui mahali, anajua saa. Akiamka, akila, akimaliza kucheza: hizo ndizo saa zake. Mpeleke pale pale kila siku, ungoje mpaka amalize, hata kama baridi inakutafuna. Akifanya, msifu. Akikosea, futa na unyamaze. Ukimpiga, unamfundisha kujificha tu." Akamtazama Evodia. "Na kujificha, naona nyote wawili mmefuzu."

Mzee Elisante alikuna kidevu. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kucheka lakini cheo kinamzuia.

"Nawapa wiki mbili mbwa ajifunze," alisema mwishowe. "Kwa sababu amesema mwenyewe. Kama angekamatwa, isingekuwa hata siku mbili."

*

Alasiri ile Evodia alifua. Alichota udongo mwekundu chini ya ukuta wa uani ambako mbwa hafiki, akauchekecha, akaukoroga na maji. Alimimina, akasugua, akasuuza. Moja, mbili, tatu. Maji ya Lushoto yanauma mifupa. Alipofika saba, vidole vilikuwa vyekundu kama nyanya. Alikuwa akiuning'iniza mswala kwenye kamba wakati simu ilipolia juu, na kelele ya Faudhia ikashuka ngazi zote ishirini na mbili: baba yake ametoka salama.

Bibi Nasra aliteremka, akakagua pembe ya mswala, akaweka kitumbua kimoja kwenye kiganja cha Evodia, akarudi juu.

Wiki mbili hizo hazikuwa za mchezo. Alfajiri, baada ya chai, akitoka shule, baada ya kila bakuli, Evodia alishuka. Wenzake walimwita uwanjani, "Evo, njoo rede!" naye akajibu, "Bado Karani hajafika kazini!" Alingoja nyuma ya banda la kuni hata mvua iliponyesha. Karani alipofanya, alimkuna masikio na kumsifu kama amefaulu mtihani wa taifa.

Siku ya nne Karani alikosea, tena kwenye ngazi ya tisa. Hakuna aliyeona. Evodia alifuta, kisha akaenda moja kwa moja kugonga mlango wa Mzee Elisante.

"Shikamoo Mzee. Karani amekojoa ngazini. Nilichelewa dakika tano. Nimefuta."

Mzee alimtazama kwa juu ya miwani.

"Marahaba. Umepiga deki vizuri?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi usichelewe tena." Akafunga mlango.

Siku ya kumi na mbili, mvua ikimwagika nje na mama akishona, Karani aliinuka kwenye gunia lake. Akaenda mlangoni. Akakwaruza mara moja, akageuka kumtazama Evodia, akakwaruza tena. Mama aliacha kushona. Evodia akafungua mlango. Kijibwa kikashuka ngazi zote kwa miguu yake mwenyewe, kikivingirika kwenye mbili za mwisho, kikapotelea nyuma ya banda la kuni.

"Jamani, njooni mwone!" Mama Brian alipiga kelele kutoka dirishani. "Karani kafungua ofisi yake mwenyewe!"

Ghorofa zima lilitoka. Mzee Elisante naye alitoka, na safari hii cheo kilimshinda, akacheka. Bibi Nasra alisimama koridoni, akashika vyuma pale pale mswala wake ulipokuwa umening'inia siku ile, akamwita Evodia karibu.

"Unaona, mjukuu wangu? Ameutoa mkojo nje mapema, udongo umeunywa, yamekwisha. Angeuficha uvunguni, nyumba nzima ingenuka na kila mtu angeulizana ni nani. Na kosa la mtu ni hivyo hivyo. Siku ile ulichelewa, lakini ulilitoa kabla sijaswali. Safari nyingine litoe mapema zaidi, hata kama nje kuna baridi."

"Ndiyo, Bibi."

"Haya, kamfute miguu huyo karani wako. Na asipite mlangoni kwangu." Akaanza kuingia ndani, kisha akageuka. "Ukimaliza, njoo ule."